Nyumba Yenye Uani

Jalaludin hakuwahi kununua kitu kwa bei iliyoandikwa. Hata nyanya za supamaketi, zile zenye kibandiko cha mashine, aliwahi kuzibeba mpaka kwa meneja kumwonyesha kwamba mbili zimebonyea, apunguziwe. Binti yake Zeena alipokuwa shule alijifunza kusimama mbali naye, mwisho wa rafu, kama vile hawajuani. Watu wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada Waismailia, walisema ana mkono wa birika. Walimwonea. Bahili hatoi kwa sababu anaipenda fedha, na Jalaludin hakuipenda fedha hata kidogo. Alichopenda ni kutokosea. Na mtu wa namna hiyo ni mgumu kuishi naye kuliko bahili. Bahili ukimkamata huona haya, huyu ukimkamata anakuletea kalamu na karatasi.

Mkewe Nazmin aliishi naye miaka arobaini na moja, na katika miaka hiyo alimwomba kitu kimoja tu. Alitaka nyumba yenye uani.

Hakutaka jumba. Nazmin alizaliwa Moshi, duka mbele, uani nyuma, na mambo yote ya maana katika utoto wake yalitokea uani. Huko ndiko pilipili zilikoanikwa, huko ndiko mama na shangazi zake walikokaa na sinia za mchele wakichambua mawe na majirani kwa pamoja, na huko ndiko alikoambiwa kwamba babu amefariki. Toronto walikaa Parkdale, ghorofa ya kumi na moja, vyumba viwili, jiko halina hata dirisha. Akikaanga bhajia kengele ya moshi inalia, na msimamizi wa jengo anapanda kugonga mlango. "Miaka yote hii," alikuwa akisema, "nakaanga kama mwizi."

Jalaludin naye alikuwa na sababu yake, na haikuwa ndogo. Baba yake alijenga nyumba ya ghorofa Tanga, duka chini, wapangaji juu, miaka kumi na tisa ya kujinyima. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha, nyumba ile ikawa mali ya Msajili wa Majumba kabla mzee hajamaliza kusoma barua. Hakufukuzwa. Aliambiwa anaweza kubaki, alipe kodi tu kama wengine. Akabaki. Kila mwisho wa mwezi akawa anavaa koti lake la sikukuu na kwenda kulipia vyumba alivyovijenga mwenyewe, na Jalaludin, kijana wa miaka ishirini na mbili, ndiye aliyekuwa akimsindikiza. Alipofika Kanada miaka mitatu baadaye alishaapa kwamba hatamiliki ukuta tena. Angemiliki karatasi. Karatasi unaikunja, unaitia mfukoni, unaondoka nayo.

Karatasi yenyewe ilikuwa hisa. Mchana alikuwa karani wa hesabu katika ghala la vipuri vya magari kule Rexdale. Jumamosi alikaa maktaba na ripoti za mwaka za makampuni, zile ambazo hata wenye makampuni hawazisomi mpaka mwisho. Hakununua hisa iliyokuwa ikisemwa na watu. Alitafuta kampuni zilizochosha: za chumvi, za maboksi, za misumari. Alizikadiria thamani, akangoja bei ishuke chini ya thamani hiyo kwa mbali, ndipo akanunua. Halafu akakaa kimya miaka. Na alifanikiwa, tusimnyime haki yake. Kutoka mshahara wa karani, mtu huyu alijenga mali ambayo madaktari wa jamatkhana yake wangeitamani, na hakuna aliyejua, maana alivaa shati lilelile.

Nazmin alianza kuomba tangu Zeena akiwa mchanga. Mwaka 2001, Zeena alipoolewa Calgary na nyumba ikabaki na watu wawili, akaomba tena kwa nguvu mpya: kulikuwa na nyumba ndogo Scarborough. Jalaludin akachukua kalamu. Kodi wanayolipa kwa mwaka ni kiasi hiki, nyumba inauzwa kiasi kile, na ukiongeza paa, tanuri la kupasha nyumba joto na ushuru wa jiji, mwenye nyumba ndiye anayepata hasara na mpangaji ndiye mjanja. "Bei haijakaa sawa," akasema. "Tungoje kidogo." Mwaka 2003 bei haikukaa sawa. Mwaka 2005 ndiyo kabisa.

Lynette aliingia katika maisha yao mwaka 2006. Alikuwa muuguzi, Mkenya wa Nakuru, amepanga mlango unaotazamana na wao, na alijuana na Nazmin ndani ya lifti kwa sababu ya harufu ya vitumbua. Zeena alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Lynette alijibu kwa Kiswahili, tena kile cha kwao cha mbio mbio, na kwa hilo tu Nazmin alikuwa tayari kumlisha mpaka azeeke. Haukupita mwezi akawa mtoto wa nyumbani.

Jumapili moja Lynette akatangaza, kitumbua mdomoni, kwamba anataka kununua hisa. Kuna kaka kanisani amempa siri. Kampuni inachimba dhahabu huko kaskazini, hisa moja senti thelathini, na kufika Krismasi itakuwa dola tano.

"Umeiona dhahabu yao?" Jalaludin aliuliza.

"Sijaiona, anko. Lakini wameshapima, iko."

"Wamewahi kuuza hata gramu moja?"

"Bado. Si ndio wanaanza?"

"Basi huyo kaka hakuuzii kampuni. Anakuuzia shimo."

Nazmin alicheka. Jalaludin akasogeza sahani, akaleta ripoti ya mwaka ya kampuni ya maboksi, na uso wake ukapata uhai ambao mkewe aliujua vizuri, maana hakuuona kwa jambo lingine lolote.

"Lisahau neno hisa," akasema. "Mimi nina duka Nakuru, nataka kukuuzia. Utaniuliza nini?"

Mama yake Lynette alikuwa na duka, kwa hiyo hakufikiri mara mbili. "Nitakuuliza mwaka ukiisha unabaki na ngapi, ukishalipa kila mtu. Nitaangalia kama mali ni ya ukweli ama ni makatoni matupu umepanga mbele. Nitauliza una deni la nani. Halafu nitakuja kukaa ng'ambo ya barabara siku tatu nihesabu wateja, juu najua utanidanganya."

Jalaludin alicheka mpaka akavua miwani. "Kuna watu wana digrii tatu hawalijui hilo," akasema. "Sasa, hisa ni kipande cha duka. Hakuna zaidi. Ukishauliza hayo yote, utapata thamani: duka hili kwangu mimi ni la kiasi fulani. Na bei ni kitu kingine. Bei ni kelele za watu leo. Leo wamefurahi, wanataka mia. Kesho wameota ndoto mbaya, wanataka hamsini, na duka ni lilelile, hata chupa ya soda haijasogea. Wewe ukiona ni la mia, lipa sitini."

"Kwa nini sitini, na ni la mia?"

"Kwa sababu wewe si malaika. Huenda umekosea, ni la themanini. Huenda mwakani barabara ikahamishwa. Ile arobaini ni nafasi yako ya kukosea. Usinunue kitu kisichokupa nafasi ya kukosea."

"Na wakikataa sitini?"

"Unangoja."

"Mpaka lini sasa?"

"Mpaka wakubali. Kungoja hakugharimu kitu."

Nazmin, aliyekuwa akiosha vyombo, aliweka sufuria chini kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika. "Mwulize mimi nina miaka mingapi," alimwambia Lynette, bila kugeuka. Lynette akatazama sahani yake. Jalaludin akafungua ripoti ukurasa wa mizania na kuendelea na somo.

Lynette aliacha shimo la kaka wa kanisani, akanunua maboksi, kidogo kidogo kila mwezi. Vuli ya mwaka 2008 soko la hisa likaanguka dunia nzima, na yeye akaja kugonga akiwa bado na sare ya kazini, macho yamemtoka. Maboksi yalikuwa yamefika nusu ya bei.

"Anko, tuuze?"

"Watu wameacha kutumia maboksi?"

"Hapana."

"Kampuni imekopa?"

"Hapana, nimesoma."

"Basi nani amekwambia duka lako limeungua? Watu wanauza kwa sababu jirani kauza. Nenda kalale, una zamu."

Akaenda kulala. Jalaludin yeye alinunua majira yote ya baridi, na Machi 2009, wakati watu wazima walikuwa wakilia kwenye televisheni, alitoa akiba yote ya benki akanunua tena. Mwezi huohuo Nazmin alimwekea mbele kipande cha gazeti. Nyumba ndogo, Scarborough tena, na bei yake imekatwa.

"Ulisema tungoje zishuke," akasema. "Zimeshuka."

Akachukua kalamu. Nyumba zilikuwa zimeshuka sehemu moja katika kumi. Hisa zilikuwa zimeshuka nusu. Nani mwenye akili ataacha punguzo la nusu akimbilie la sehemu ya kumi? Ukiitazama hesabu hiyo hata leo, hutaona kosa. Baada ya miaka miwili fedha ile ilizaa mara mbili, na Jalaludin akamwonyesha mkewe karatasi, akitarajia pongezi.

"Mchumia juani hulia kivulini, baba Zeena," Nazmin alimwambia. "Tuko juani tangu tumeoana. Kivuli changu kiko wapi?"

"Kinakua," akajibu. Naye aliamini alichosema, masikini.

Mwaka 2011 Lynette aliolewa na Kangethe, fundi wa kompyuta, kijana mpole. Wakauza nusu ya maboksi wakanunua nyumba ndogo Pickering, nje kidogo ya Toronto. Alikuja kumwambia mwalimu wake kama mtoto aliyevunja bakuli la wageni.

"Umepata nafasi gani ya kukosea?" Jalaludin aliuliza.

"Sikupata, anko. Tumelipa walichotaka."

"Nimekufundisha nini miaka mitano?"

"Umenifundisha kununua kampuni, na nimeshukuru. Hii si kampuni. Hii nataka kulala ndani, nizae watoto."

Jalaludin alinuna wiki mbili nzima. Nazmin alipika biriani, akambeba mumewe kwa nguvu kwenda kuibariki nyumba.

Tangu kiangazi kile, kila Jumamosi Nazmin alipanda treni kwenda Pickering. Alipanda mchicha na biringanya katika uani wa Lynette. Kangethe akamtolea jiko la gesi nje, na bhajia zikakaangwa mchana kweupe, moshi ukienda mbinguni bila kengele ya mtu. Majirani walichungulia juu ya uzio na kila aliyechungulia alipewa sahani. Safari nyingine Jalaludin alifuatana naye, akakaa kwenye kiti cha plastiki na ripoti zake, na mara moja moja aliinua macho. Alimwona mkewe mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko, unga mashavuni, akisema kwa sauti kubwa, sauti ya yule msichana aliyemwoa, ambayo hakuwa ameisikia ghorofa ya kumi na moja kwa miaka mingi. Alimwona. Hilo ndilo linalomchoma: angekuwa kipofu angepata pa kujitetea.

Mei 2015, nyumba ya tatu kutoka kwa Lynette ikataka kuuzwa. Wenyewe walikuwa wazee, mume na mke, na yule bibi alikuwa amekula bhajia za Nazmin miaka minne. Hawakutaka kuweka kibao nje wala kushindanisha watu. Walitaka elfu mia tano na ishirini, na walitaka Nazmin ndiye aipate. Dalali alikuwa Fareen, mwanamke wa Mombasa aliyesali nao jamatkhana moja. Aliwapitisha chumba kwa chumba. Jikoni kulikuwa na mlango unaotoka moja kwa moja uani, na Nazmin aliufungua akaufunga, akaufungua tena, mpaka Fareen akacheka. Ndani ya treni ya kurudi alipanga kila kitu: benchi hapa, jiko pale, pilipili ukutani panapopiga jua. Jalaludin alimsikiliza. Alikuwa ameshaamua kwamba atanunua. Miaka ilikuwa imemlainisha, na hisa zake wakati huo zilikuwa zimepita dola milioni moja na nusu.

Jioni alikaa mezani akakadiria thamani. Ikatoka elfu mia tano. Alirudia mara tatu, akiwa mkarimu kila penye shaka, ikatoka mia tano.

Akampigia Fareen, Nazmin amekaa kwenye kochi mikono mapajani. "Ofa yetu ni mia tano," akasema.

"Anko Jalal, wamesema mia tano na ishirini, na hiyo ni heshima kwa auntie. Ikitoka nje itaenda zaidi."

"Thamani yake ni mia tano."

"Ni elfu ishirini tu, anko."

"Mtu akikuburuta kwa ishirini, kesho atakuburuta kwa mia mbili. Mia tano."

Akakata simu, akamgeukia mkewe, tayari kwa mabishano. Walibishana miaka arobaini na yeye aliyapenda mabishano hayo, kwa kuwa yalimpa nafasi ya kueleza. Siku hiyo Nazmin alisema tu, "Wewe ndiye unayejua hesabu." Akainuka, akaingia chumbani. Jalaludin akadhani amekubali.

Siku ya tatu mtoto wa wale wazee alileta mnunuzi mwingine, mia tano na ishirini na tano, na nyumba ikaondoka. "Watajuta," Jalaludin alimwambia mkewe. "Bei haziwezi kukaa huko." Wiki iliyofuata, siku moja tu ya Jumanne, hisa zake zilipanda kwa zaidi ya elfu ishirini kati ya asubuhi na jioni. Alikiona kiasi hicho kwenye kompyuta, akaizima.

Nazmin akapunguza safari za Pickering. Alisema mgongo unamuuma. Jalaludin alidhani ni kununa, akangoja kununa kuishe, maana kungoja ndiyo kazi aliyoiweza. Mwaka uliofuata maumivu yakahamia tumboni, na Lynette ndiye aliyemkokota mama yake wa Toronto mpaka hospitali. Daktari alisema ni saratani ya kongosho na imeshasambaa.

Pale kitandani, Januari 2017, Jalaludin aliinama akamwambia, "Nitakununulia nyumba. Yoyote unayotaka. Kesho."

Nazmin aliupigapiga mkono wake taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. "Bei zimepanda sana sasa, baba Zeena," akasema.

Alikuwa akitania? Alikuwa akimwonea huruma? Jalaludin hakujua, na hakuthubutu kuuliza. Mwezi uliofuata Nazmin alifariki.

Wiki ya msiba lifti ya jengo iliharibika. Wazee wa jamatkhana walipanda ngazi ghorofa kumi na moja, wakisimama kila mahali kuvuta pumzi, na sufuria za chakula mikononi. Sebule haikuwatosha. Walioingia walikaa magoti yakigusana, waliochelewa walisimama koridoni kwenye milango ya watu. Anverali, aliyesoma naye Tanga, alikaa karibu naye, akauliza alichokuwa akimwuliza siku zote: "Jalal, hisa zinakwendaje?"

"Zimepanda," Jalaludin akajibu.

Akaishi mwaka mmoja na zaidi namna hiyo. Alilala upande wake wa kitanda, akala chakula alicholetewa na Lynette, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliacha ripoti za mwaka zikusanyike mlangoni bila kuzifungua. Zeena alimpigia kila Jumapili kutoka Calgary akimwomba ahamie kwake, naye kila Jumapili alisema tutaona. Watu walimwambia amshukuru Mungu, hakumkosea mkewe, hakumpiga, hakumdhulumu. Walisema kweli, na ukweli huo haukumsaidia chochote.

Juni 2018 Fareen alimpigia simu. Ile nyumba ya Pickering inauzwa tena. Walioinunua wanahamia mkoa mwingine kwa ajili ya kazi, wana haraka, na bei za nyumba zilikuwa zimelegea tangu mwaka uliopita.

"Wanataka mia sita na arobaini, anko. Lakini ukitoa mia sita watachukua. Nakuambia wewe kwanza."

"Nitatoa mia sita na arobaini."

"Anko, nimesema ukitoa mia sita—"

"Nimesikia. Usiombe hata dola moja ipunguzwe. Wakitaka zaidi, waambie nitatoa zaidi."

Alipoweka simu alijisikia mwepesi, na machozi yalimtoka. Hatimaye alikuwa amepata la kufanya. Angelipa bila kubisha, angelipa zaidi ya thamani, kila dola ya ziada ingekuwa neno la kumwomba msamaha. Angeweka benchi pale, jiko pale. Alinyoa ndevu, akavaa shati jipya ambalo Zeena alilileta na yeye hakuwahi kulitoa kwenye mfuko wake.

Lynette alimchukua kwa gari. Fareen alikuwa akiwangoja jikoni, karatasi amezipanga juu ya kaunta. Lynette alibaki mbele akiongea kwa simu na watu wa hospitali. Jalaludin akatoa kalamu.

Fareen aliweka kiganja juu ya karatasi. "Kabla hujasaini, anko. Kuna neno nimelibeba miaka mitatu. Auntie aliniambia nisikwambie, nami nikanyamaza. Lakini siwezi kukuuzia nyumba hii huku nimelificha."

"Sema."

"Ile jioni ya ofa, dakika chache baada ya wewe kukata simu, alinipigia yeye. Nadhani alikuwa chumbani, alikuwa anaongea polepole. Aliniuliza dhahabu yake ya harusi ikiuzwa yote, bangili, mkufu na herini, na akiongeza fedha yake ya kushona nguo za watu, kama itafika elfu ishirini. Nikamwambia itakaribia. Akauliza kama anaweza kulipa tofauti ile kimyakimya, upande, ili kwenye karatasi yako isomeke mia tano."

Jalaludin alikitazama kiganja cha Fareen juu ya karatasi.

"Alitaka uamini umeshinda, anko. Nikamwambia haiwezekani, karatasi ni moja, mtasaini wote wawili, utaona. Nikamwambia niache mimi nimpigie tena anko, nimwombe. Halafu akasema, mwache. Akilipa zaidi ya alichoandika, ataingia mle ndani kila siku anahesabu. Sitaki kukaa kwenye nyumba inayohesabiwa kila siku."

Friji ya wenye nyumba ilinguruma, ikanyamaza.

"Alilia?" Jalaludin aliuliza.

"Hapana. Aliniuliza habari za watoto wangu."

Alisimama na kalamu mkononi. Alikuja pale kununua msamaha kwa elfu arobaini za ziada, na sasa aliona kwamba tangu alipopokea simu ya Fareen hakuwa ameacha kuzihesabu: arobaini juu ya mia sita, mia moja na ishirini juu ya ile bei ya wazee, kiasi hiki kwa kosa hili. Nazmin alimjua. Alimjua mpaka ndani, akampenda hivyo hivyo, na kwa sababu alimjua akaikataa nyumba aliyoitaka maisha yake yote. Hakukuwa tena na bei ya kubishania.

Akafunika kalamu, akaufungua mlango, akatoka uani. Hakukuta kitu ila majani yaliyokatwa vizuri na kamba ya nguo isiyo na nguo. Jua lilikuwa limepiga ukuta wote. Aliutazama ukuta ule kwa muda mrefu, na hakuona haya kulia mbele ya madirisha ya watu.

Lynette alimaliza simu yake akamfuata, akamshika mkono. "Anko," akasema, "unainunua?"

Jalaludin alisema nyumba ni nzuri, na bei ni ya haki. Asiyekuwapo ni mtu wa kumnunulia.